Hikmatilla na Prosesa Iliyovuliwa Kofia

Watu wa mtaa wao kule Marg'ilon walikuwa wakisema Hikmatilla hakuoa, aliolewa. Badala ya kumchukua mke wake Oydin na kumpeleka kwao kama wafanyavyo wanaume wengine, yeye alifunga sanduku lake la nguo, akabeba kamera na kompyuta, akahamia kwa mama mkwe. Bi Tursunoy alikuwa mjane, Oydin ndiye mtoto wake wa pekee, na nyumba ilikuwa na vyumba vya kulaza kikosi kizima cha askari. Hikmatilla hakuona ubaya wowote. Chakula kilikuwa kitamu, ua ulikuwa na kivuli cha mizabibu, na mfereji wa maji baridi ya mlimani ulipita chini kabisa ya dirisha lake.

Wanaume wakimkuta sokoni anachagua vitunguu, humuuliza, "Bibi harusi, mama mkwe hajambo?"

Naye hujibu bila kuinua macho, "Hajambo, anawasalimu. Anauliza mtaoga lini."

Kazi yake ilikuwa kupiga filamu za harusi. Katika mji ule hakuna anayeoa kimyakimya; matarumbeta marefu hulia alfajiri, pilau huliwa kabla jua halijapanda, na jioni mtaa mzima hucheza mpaka vumbi ligeuke ukungu. Hikmatilla alikuwa amewapiga karibu wote. Alijua nani hulia kweli na nani hulia akiona kamera. Alijua mzee gani hucheza akiwa amefumba macho na mama gani huondoka na mkate kwenye mkoba. Hakusema. Alikata vile vipande, akabandika muziki, akauza filamu.

Mwaka ule joto la chilla, zile siku arobaini kali za kiangazi, lilikuja na hasira. Chumba cha Hikmatilla kilitazama machweo, na ikifika saa tisa mchana kuta zake zilikuwa zinatoa joto kama tanuri la mikate. Kompyuta yake ilikuwa na prosesa yenye nguvu kuliko akili, na kila alipojaribu kuipika filamu, ndivyo mafundi wa harusi wanavyosema wakimaanisha kuunganisha vipande vyote viwe kitu kimoja, feni zilianza kulia kama ndege ya kijeshi, kisha kioo kikawa cheusi. Ikajizima. Akiiwasha tena, ikapika, ikafika mahali palepale, ikajizima.

Mahali penyewe palikuwa pale Bi Mukarram anapoingia kucheza.

"Labda inaona aibu," Oydin alisema, akiwa mlangoni na kikombe cha chai.

Bi Mukarram hakuwa mtu wa kuonewa aibu. Ndiye aliyekuwa mkuu wa wanawake wa mtaa. Akikohoa, mitaa mitatu hunyamaza. Harusi ilikuwa ya mwanawe, na Jumapili wakwe zake wapya kutoka mji wa Qo'qon walikuwa wanakuja kula na kutazama filamu. Alikuwa amepita asubuhi ya Alhamisi, akasimama uani na mwavuli wake.

"Hikmatilla, mwanangu. Filamu iko wapi?"

"Iko jikoni, mama. Inapikwa."

"Kondoo mzima huiva kwa siku moja. Hii yako ni nyama ya nini, ya tembo? Jumapili wakwe watakaa pale, nitawaonyesha nini, ukuta?"

Alipoondoka, Hikmatilla alimpigia simu Qobil. Huyu alikuwa rafiki yake wa mji wa Namangan, naye mpiga filamu za harusi, mtu anayeongea kuhusu kompyuta kama wengine wanavyoongea kuhusu farasi. Qobil alimsikiliza, akaguna, akasema ugonjwa anaujua.

"Prosesa yako imevaa kofia," alisema. "Ile sahani ya chuma unayoiona juu si prosesa yenyewe, ni kofia tu. Chini yake kuna kitu kidogo kama ukucha, ndicho kinachofanya kazi. Kati yao waliweka mafuta ya kupitisha joto, na mafuta yameshakauka. Sasa joto linataka kutoka, kofia inalizuia. Wewe ungevaa kofia ya manyoya kwenye chilla?"

"Nisingevaa."

"Basi ivue. Halafu uweke bloku ya maji juu ya kichwa kitupu, shaba juu ya ngozi. Maji yanapita ndani, yanabeba joto, yanalipeleka kwenye rejeta. Ninayo bloku hapa, haina kazi. Na pampu, na mipira ya maji, na rejeta. Nakutumia na teksi ya leo."

Boksi likafika jioni, likinuka matikiti, kwa sababu dereva alikuwa amelilaza chini yao.

Ijumaa baada ya sala na chakula, Hikmatilla alitandika taulo mezani, akapanga vitu: jiliwa ndogo ya mkono, bisibisi, pamba za masikio, chupa ya spiriti, kichupa cha rangi ya kucha na kijiti cha rangi ya mdomo, vyote viwili vikiwa vya Oydin ambaye hakuwa ameulizwa. Qobil aliagiza avitafute, hakusema vya nini. Aliagiza pia apige picha kazi yote ili baadaye waitazame pamoja, basi Hikmatilla akasimamisha kamera ya harusi kwenye miguu yake mitatu, akailenga mezani, akaiwasha. Simu akaiweka kando, sauti wazi.

Akaichomoa prosesa kutoka kwenye ubao mkuu, akaibana kwenye jiliwa, akaanza kuzungusha mpini. Kazi ya jiliwa ilikuwa kuisukuma kofia pembeni huku ubao wake mdogo ukishikwa usisogee. Akazungusha kidogo. Hakuna kilichotokea. Akazungusha tena. Jasho likamwingia jichoni.

Pakasikika mlio, *kap*, kama mtu anayevunja mfupa wa kuku.

"Nini hicho?" Qobil akauliza.

"Sijui. Ni yeye au ni mimi."

Ilikuwa kofia. Ilikuwa imeteleza upande, gundi imeachia, na alipoinyanyua kwa ukucha akaona chini yake mafuta ya kijivu yaliyokauka kama matope ya mwaka juzi. Akayafuta kwa spiriti. Na pale katikati kikatokea kitu kidogo chenye umbo la mstatili, cheusi, laini, kinachong'aa kama kioo, kiasi kwamba Hikmatilla aliona pua yake ndani yake.

Qobil, ambaye hata kwenye simu alikuwa mtu wa harusi, akashindwa kujizuia. "Basi bibi harusi ameshafunuliwa?"

"Ameshafunuliwa. Yuko uchi kabisa mbele yangu."

"Mzuri?"

"Ndugu yangu, anang'aa. Naogopa hata kumgusa."

"Mguse taratibu. Usimlalie upande mmoja, atavunjika pembe. Umechukua rangi ya mdomo ya mkeo?"

"Ninayo. Oydin hajui."

Sasa Bi Tursunoy alikuwa nje chini ya dirisha, anatoa kokwa za aprikoti za kukausha. Masikio yake yalikuwa makali kuliko ya paka. Alisikia uchi. Alisikia usimlalie. Alisikia Oydin hajui. Akaweka sinia chini, akachukua upawa mkubwa wa pilau, akapanda ngazi bila viatu ili asisikike.

Huko ndani Hikmatilla alikuwa amepaka rangi nyekundu juu ya kile kioo cheusi, kama Qobil alivyomwelekeza. Hila yenyewe ilikuwa rahisi: unapaka rangi kwenye prosesa, unaifunga bloku juu yake, unaifungua, unatazama kama rangi imehamia. Ikiwa imehamia, vimegusana. Alikuwa ameirudisha prosesa mahali pake, akaondoa ile fremu ya chuma iliyokuwa ikiibana, kwa kuwa fremu hukandamiza kofia na kofia haipo tena. Toka sasa ni bloku peke yake ndiyo ingeishikilia. Akaikalisha bloku, akafunga skrubu zake nne, akazifungua, akaigeuza.

Shaba ilikuwa safi. Hakuna hata alama.

"Hawajabusiana," alisema kwa huzuni, akajipangusa kidevu kwa vidole vyenye rangi.

Mlango ukafunguka. Bi Tursunoy alisimama, upawa juu, macho yakizunguka chumba kizima: nyuma ya pazia, chini ya meza, kwenye kabati la nguo. Kisha yakatua kwenye kidevu chekundu cha mkwewe.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Huyo aliye uchi."

Hikmatilla akanyoosha kidole mezani. Bi Tursunoy akasogea, akatoa miwani kwenye mfuko wa gauni, akaivaa, akainama. Alitazama kwa muda.

"Huyu?"

"Huyu, mama. Prosesa. Nimeivua kofia."

"Mbona kadogo hivi?"

"Kadogo lakini ndiko kanakofanya kazi yote."

"Na rangi ya mdomo?"

Hikmatilla akaanza kueleza. Qobil naye akaeleza kutoka Namangan, wote wawili kwa pamoja, na Bi Tursunoy akanyanyua upawa wanyamaze. Akavuta mto, akaketi karibu na meza, magoti juu.

"Endeleeni. Nitakuwa hapa. Nyumba yangu haitaona mambo ya videvu vyekundu nikiwa natoa kokwa za aprikoti."

"Kwa nini haigusi, Qobil?" Hikmatilla akauliza, sauti imepungua.

"Kofia ilikuwa na unene wake. Umeitoa, kwa hiyo prosesa imekuwa fupi. Miguu ya bloku yako bado mirefu, imesimama hewani. Chukua tupa, ikwangue kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Wewe ulipofanya yako ulikwangua kiasi gani?"

Qobil akakohoa simuni.

"Qobil?"

"Mimi? Mimi sijafanya. Niliinunua bloku, nikaitazama, nikaogopa. Imekaa kabatini tangu majira ya baridi."

Bi Tursunoy akaguna. "Kumbe nyote wawili ni bikira," alisema, akanyoosha mkono kuomba chai.

Hikmatilla akachukua tupa. Akakwangua miguu ya bloku mmoja baada ya mwingine, akapima kwa jicho, akakwangua. Kelele ya tupa ilimkera Bi Tursunoy, na yeye akikereka huongea. Akaongea. Akaanza na joto, akaja kwenye bei ya matikiti, na hatimaye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa chanzo cha mateso yale yote, akamfikia Bi Mukarram.

"Mashine haina kosa. Hata mimi ningejizima. Umeona anavyocheza yule? Utadhani anakanyaga udongo wa matofali. Mabega huku, miguu huku, kila kimoja kina harusi yake. Na mumewe, mkimya yule, nilimwona kwa macho yangu haya akitia sambusa mfukoni mwa koti. Sambusa ya mafuta. Kwenye harusi ya mwanawe mwenyewe."

"Mama, usinichekeshe, mkono utateleza," Hikmatilla akasema, akicheka.

Alijaribu tena. Safari hii rangi ilihamia, lakini pembe moja tu, kama busu la mtu aliyekosa shavu. Qobil akapiga kelele kwamba hiyo ndiyo hatari yenyewe, bloku imelala upande, akikaza hivyo ile pembe itamegeka. Akamwambia afunge skrubu kwa kuvuka, hii, halafu ile ya kona ya mkabala, robo mzunguko tu kila moja, kama anayefunga nati za gurudumu. Hikmatilla akafunga hivyo, ulimi nje. Bi Tursunoy akamshikia tochi na kumwambia asitoe ulimi, nzi wapo.

Alipoifungua, pale katikati ya shaba palikuwa na alama nyekundu ya mstatili, kamili, kingo zote.

Bi Tursunoy akaitazama. "Hapo sasa," akasema. "Ndoa imefungwa."

Vilivyobaki vilikwenda haraka zaidi. Walifuta rangi kwa spiriti. Vijidude vidogo kama punje za ufuta vilivyoizunguka prosesa Hikmatilla akavifunika kwa rangi ya kucha ili visiguswe na umeme wa bahati mbaya, na kwa vile Oydin alipenda rangi yenye nyota nyota, prosesa ikapendeza kuliko mabibi harusi wengi aliowahi kuwapiga. Ilipokauka, akadondosha tone moja la metali ya majimaji, inayotiririka kama zebaki, akaisambaza kwa pamba ya masikio mpaka ikawa utando mwembamba juu ya kioo, na utando mwingine juu ya shaba. Bi Tursunoy akaisogeza tochi karibu. Akaikalisha bloku. Akafunga kwa kuvuka. Akaunganisha mipira, akajaza maji safi ya kuongezea betri, akaiwasha pampu peke yake huku kompyuta yenyewe haina umeme, karatasi kavu zimetandazwa chini ya kila kiungo. Karatasi hazikulowa.

Rejeta, badala ya kuiweka chumbani pamoja na lile joto, aliipitisha dirishani kwa mipira mirefu, akaizamisha kwenye mfereji. Hilo halikuwa wazo la Qobil, lilikuwa lake mwenyewe, na alijivunia sana.

Jumamosi asubuhi akaiwasha. Feni zilikuwa kimya. Joto la prosesa, ambalo juzi lilikuwa la kupikia, sasa lilikuwa la mtu mwenye mafua kidogo. Kwa bahati mbaya kule kujizima mara kwa mara kulikuwa kumeharibu kazi yake ya awali, ikabidi aimwage upya kadi nzima ya kamera kwenye kompyuta na kuvipanga tena vipande, mbiombio, bila kuvitazama kimoja kimoja. Baada ya adhuhuri akabonyeza kupika. Bi Tursunoy na Oydin walikuwa wamekaa nyuma yake kama watu wanaotazama mpira.

Ikapika. Ikaja alfajiri na matarumbeta. Ikaja pilau. Ikakaribia ngoma ya Bi Mukarram, na joto likaanza kupanda.

"Inaona aibu tena," Oydin akanong'ona.

Hikmatilla akachungulia dirishani. Rejeta ilikuwa imelala kwenye matope matupu, chura mmoja amekaa juu yake. Mfereji haukuwa na maji.

Bi Tursunoy aliinuka. Alichukua upawa, kwa mazoea, akaufuata mfereji juu, nyumba hadi nyumba, mpaka kwenye lango la Bi Mukarram. Huko maji yote ya mtaa yalikuwa yamegeuzwa kuingia uani, na Bi Mukarram, gauni limekunjwa magotini, alikuwa akiosha ua na kunyunyizia vumbi kwa ajili ya wageni wa kesho.

"Mukarram, rudisha maji."

"Namaliza pembe hii tu, Tursunoy."

"Filamu yako inaungua."

"Filamu inaunguaje kwa maji yangu? Mimi nimekuwa zima moto?"

"Wewe uko ndani, unacheza, na kadiri unavyocheza ndivyo inavyopata moto. Sasa chagua: wakwe watazame ua msafi au wakutazame wewe."

Bi Mukarram alifikiria, jembe mkononi. Kisha akafungua kizuizi kwa miguu yake mwenyewe, na maji yakashuka mtaani kwa kishindo, yakambeba chura. Hikmatilla, aliyekuwa akimwagia rejeta birika la chai huku Oydin, macho kwenye namba tu, akimsomea joto kutoka ndani, alisikia yanakuja kabla hayajafika. Ngoma ikapita. Filamu ikaiva kabla ya machweo.

Jumapili walikaa wote kwa Bi Mukarram: wakwe wa Qo'qon kwenye magodoro mapya, matikiti yamekatwa, televisheni imewekwa kivulini. Hikmatilla alisimama nyuma, amenyoa, ametulia. Matarumbeta yakalia. Bibi harusi akainama kuwasalimia wakubwa. Wageni wakapangusa macho. Na kisha, pale ambapo Bi Mukarram alipaswa kuingia kucheza, vikatokea vidole viwili vikubwa vyenye rangi ya mdomo, vimeshika tupa, na sauti ya Bi Tursunoy ikajaa uani, wazi kama ya mtangazaji: *utadhani anakanyaga udongo wa matofali.*

Hikmatilla aliielewa ajali yake wakati huohuo. Kipande cha Ijumaa kilikuwa kwenye kadi ileile. Alikimbilia kitufe, lakini kati yake na televisheni kulikuwa na watu na meza ya karanga, na kabla hajaivuka, sauti ilikuwa imeshafika kwenye sambusa ya mafuta.

 Mume wa Bi Mukarram alitazama mfuko wake. Bi Tursunoy akatazama tikiti kwa makini, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani.

Aliyeanza alikuwa mama wa bibi harusi, mwanamke mnene wa Qo'qon ambaye mpaka hapo hakuwa amesema zaidi ya salamu. Alianza kutikisika mabega, akafunika mdomo kwa kitambaa, ikashindikana, akacheka mpaka akamshika mumewe asianguke. "Sambusa," alisema. "Mimi nilimwona, nikadhani ni mimi tu."

Bi Mukarram aliinuka polepole. Hikmatilla akaanza kupima umbali wa lango.

"Zima hiyo," Bi Mukarram alisema. "Weka muziki. Tursunoy, simama."

"Nisimame nifanye nini?"

"Ucheze. Tuone nani anakanyaga udongo."

Wakacheza. Bi Mukarram alicheza vilevile, kila bega na harusi yake, ila sasa kwa hasira, ambayo ilimfaa. Bi Tursunoy alicheza vibaya zaidi, hilo hata Oydin alilikubali. Alizunguka kama mtu anayetafuta kiatu chake gizani. Wakwe wa Qo'qon walipiga makofi mpaka mikono ikawauma, na Hikmatilla, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaitoa kamera akapiga.

Wakati wa kuondoka, yule mama wa Qo'qon alimvuta pembeni. Alikuwa na binti mwingine, ataolewa zabibu zikiiva, na alitaka filamu.

"Lakini na ile sauti," alisema. "Mama huyo aeleze kila kitu. Nani anakula, nani anacheza vipi. Bila yeye sitaki."

Ndivyo Bi Tursunoy alivyoingia kazini. Prosesa ya nyota nyota haikujizima tena, mradi maji yapo, na kila asubuhi mama mkwe huinama dirishani kuhakikisha hakuna chura. Siku ya kwenda Qo'qon, Oydin aliendesha gari. Bi Tursunoy alikaa mbele, amevaa kilemba cha hariri na miwani, kwa sababu alisema akikaa nyuma hutapika. Hikmatilla alikaa nyuma, miguu ya kamera mapajani, mzigo wa nyaya za taa shingoni, na mapambo yote ya gari miguuni mwake. Walipopita sokoni, wanaume wakamwona.

"Bibi harusi wetu mnampeleka wapi?" wakamuuliza Bi Tursunoy.

Bi Tursunoy akashusha kioo. "Kazini," akajibu. "Na wewe Shokir, nimekuona Jumanne ukipima zabibu kwa kuzila. Nitakusema kwenye harusi ya mwanao."